Vidole vya Achai

Mashine ya vidole ililetwa Shibe siku ya Jumatano, ndani ya boksi lisilozidi mkate, na wafanyakazi wa tawi la Lodwar wakaifurahia kana kwamba wameongezwa mshahara. Meneja Wafula aliikaza ukutani karibu na mlango wa stoo, kisha akawaita mmoja mmoja kuandikishwa. Unaweka kidole, taa ya kijani inawaka, jina lako linatokea, umeingia kazini. Wasichana wa kaunta walicheka na kusukumana. Rispa Aregae, aliyekuwa juu ya ngazi akipanga makopo ya maziwa ya unga, alishuka polepole, akaingia stoo, akakaa nyuma ya magunia ya mchele na kuvikunja vidole vyake kumi ndani ya ngumi mbili. Alikuwa na hakika kwamba akiigusa ile mashine, jina litakalotokea halitakuwa Rispa.

Usimcheke haraka. Ukikijua kisa chake utaona kwamba hata wewe ungetafuta gunia la kujificha.

Tuanze na duka lenyewe, maana ndilo lililomfukua. Shibe haikuzaliwa kubwa. Ilianza na mzee mmoja wa Molo aliyeuza unga, mafuta taa na sabuni ya mche katika chumba kimoja cha mabati, mkewe akipima na yeye akifunga. Wanawe wakaipeleka Nakuru, kisha Eldoret, kisha Kitale, na kila mji ukapata jengo lenye maandishi ya kijani na milango ya kioo. Walipofika Kitale walikaa miaka mingi wakiitazama barabara ya kaskazini kwa jicho la pembeni. Huko, walisema, lori huenda na springi na kurudi bila hizo. Lakini lami ilipoteremka, ikapita Kalemng'orok na kuingia Lodwar, wana wa mzee wakapata ujasiri ghafla, kama watu wote wa lami. Tawi la thelathini na tisa likafunguliwa kwa muziki na maputo.

Mwezi wa kwanza watu waliingia kupunga upepo wa mashine ya baridi tu. Walisukuma vitoroli vitupu, wakashika pakiti, wakarudisha, wakatoka wakisema asante. Wazee ndio waliolipa duka tabu. Mlinzi aliwaamuru waache mlangoni fimbo na ekicholong, kile kigoda kidogo cha mti ambacho mzee wa Kiturkana hukalia mchana na kulalia kichwa akipumzika, kisha akavitupa vyote kwenye lundo moja sakafuni. Mzee akitoka, anakuta kigoda chake chini ya kigoda cha mtu asiyemjua. Palikuwa na matusi, palikuwa na fimbo kuinuliwa, na mwishowe wazee wakarudi kwa maduka yao ya zamani na wake zao wakawafuata.

Rispa, kibarua wa kupanga bidhaa tu, ndiye aliyemwambia Wafula apigilie ubao mrefu wenye vigingi, kila fimbo na kigingi chake, kila kigoda chini ya fimbo yake. Ndiye aliyesema sukari ifungwe robo robo, na majani ya chai yakae ubavuni mwa sukari wala siyo safu ya tatu karibu na dawa ya choo. Wazee wakarudi. Mgeni aliyetumwa kutoka Nakuru akasimama mlangoni nusu saa nzima akiutazama ule ubao, akauliza jina la aliyeubuni, akaliandika. Rispa alifurahi mchana ule, na jioni akaanza kuogopa. Jina likishaandikwa mahali, huwezi kujua litasomwa na nani.

Kwa sababu Rispa hakuwa na kitambulisho. Alikuwa na karatasi ya kusubiri, iliyokunjwa hata ikapasuka kwenye mikunjo. Kila meneja alipouliza, alijibu, "Bado haijatoka," na kila meneja aliguna, kwa kuwa nani hajui jinsi vitambulisho vinavyochelewa Turkana? Ukweli ni kwamba kilikuwa hakitoki. Alipofikisha miaka kumi na minane alikwenda kukichukua, na karani wa dirishani akaitazama kompyuta yake kwa muda mrefu, kisha akamtazama yeye.

"Hapa inasema vidole vyako ni vya mkimbizi," karani alisema. "Achai. Sudan Kusini. Kambi ya Kakuma. Wewe ni nani?"

Rispa aliliacha dirisha. Alitoka nje akitembea, na alipolipita geti akakimbia.

Alikuwa na miaka tisa mwaka ule wa ukame, ng'ombe walipokwisha, mbuzi wakafuata, na baba yake akaenda ziwani upande wa Longech kutafuta samaki asirudi. Mama yake, Nakuleu, alimchukua mtoto huyo mmoja aliyebaki, akahamia kando ya kambi ya Kakuma kuuza kuni. Ndani ya kambi watu walikula. Nje ya kambi, wenyeji wa nchi walikaa wakisikia harufu ya maharage ya wageni. Mteja wake mmoja wa kuni alikuwa mwanamke wa Kidinka, Ayen, mwenye watoto watatu kwenye kadi ya mgao na wawili tu nyumbani. Binti yake, Achai, alikuwa amekufa kwa homa wiki tatu baada ya kuandikishwa. Ayen na jirani mmoja walimzika ng'ambo ya mto Tarach kabla jua halijapanda. Ayen hakulia kwa sauti. Kilio huita watu, watu huita ofisi, na ofisi ikija, chakula cha Achai kinakatwa, na wale wavulana wawili walikuwa wakila chakula hicho. Mwenye njaa hana miiko. Hata kanisani hakuomba wamwombee.

Kisha ikatangazwa siku ya kuhesabiwa. Kila jina lililo kwenye kadi lije na mwili wake. Ayen akamtazama mtoto wa muuza kuni, mwembamba, mrefu, wa rika lile lile. Wanawake hao wawili walielewana kwa maneno machache, kwa kuwa hawakuwa na lugha moja ya kuongea mengi. Mgao wa Achai ungekatwa nusu kwa nusu, na Rispa angesimama foleni akiitwa jina hilo.

Alisimama mara ya kwanza, akapakwa wino. Alisimama mara ya pili. Alipokuwa na miaka kumi na minne ikaja mashine, na vidole vyote kumi vikabonyezwa kimoja kimoja juu ya kioo. Naye Ayen, kidogo kidogo, aliacha kumwita Achai mbele ya ofisi peke yake. Alimwita hivyo akimpa uji, akimsuka, akimgombeza. Rispa aliitika. Ukiniuliza, hapo ndipo kosa lilipowazidi nguvu wote watatu, lakini nani angelijua?

Sasa turudi kwenye mashine ya Shibe. Mtu aliyesoma angemwambia Rispa kwamba kijimashine kile kinajua saa ya kuingia na kutoka tu, hakisemi na serikali wala na kambi. Lakini Rispa alikuwa ameonwa na mashine mara moja, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Alfajiri ya Alhamisi alishuka mto mkavu wa Kawalase, akatafuta jiwe la kukwaruza, akavisugua vidole mpaka ngozi ikawa laini na nyekundu, mpaka maji ya chumvi yakamtoka machoni. Alipofika kazini Wafula akamwita aandikishwe, naye akaweka kidole gumba. Taa nyekundu. Akaweka cha pili. Nyekundu. Wasichana wa kaunta wakaanza kucheka.

"Rispa, kwani wewe huna vidole?" Wafula alisema, naye akicheka. "Osha mikono, jaribu tena."

Nyekundu.

"Sawa, wacha," alisema Wafula. "Leta ID, nitaweka namba kwa mkono. Na si hiyo peke yake." Akamvuta pembeni, karibu na friji ya maziwa, akashusha sauti kama mtu mwenye habari njema. "Hedi ofisi wanafungua Kakuma. Tawi la arobaini. Wanataka wewe uwe supavaiza. Wewe, Rispa! Lakini wamesema kuanzia tarehe moja hakuna mtu wa Shibe bila kitambulisho, kibarua ama nani. Hata hapa. Hata mimi siwezi kukuficha."

"Kakuma?" aliuliza Rispa.

"Kakuma. Si wewe unajua watu wa huko?"

Aliwajua mno. Aliona duka jipya, milango ya kioo, yeye amesimama na sare ya kijani, na nusu ya wateja wakimwita Achai. Akaushika mlango wa friji. Wafula alidhani ni furaha, akampiga bega.

Tarehe moja ilikuwa imebaki siku kumi na moja. Rispa alihesabu akiwa anatembea kurudi mtaa wa Kanamkemer, walikohamia yeye na mama yake baada ya siku ile ya karani. Kwa mshahara ule walikula wawili, na Nakuleu, aliyeharibiwa magoti na mizigo ya kuni, alipata dawa. Bila Shibe hapakuwa na kitu. Si duka, si ofisi, si hata jikoni mwa shule palipokuwa tayari kumwandika mtu asiye na karatasi.

"Mama, umeniua," alimwambia Nakuleu, na maneno hayo yakamtoka makali kuliko alivyokusudia.

Nakuleu alikuwa akisuka mkeka wa majani ya mikoma. Hakuinua kichwa. Waliongea kwa Kiturkana, na kwa lugha hiyo mama huyu hakuwa na maneno ya kupoteza. "Nilikuwa na watoto wanne," alisema. "Wewe ndiye uliyekula. Sasa unanipigia kelele, na kelele zako zina nguvu. Nimemuua nani hapo?"

Rispa akaketi chini. Nakuleu akaiweka mikoma pembeni. Alisema amesikia kwa wanawake wa soko kwamba ofisi ya kambi imetoa wiki ya kusahihisha. Mwenyeji aliyeandikwa mkimbizi aje na barua ya chifu, pamoja na mwenye kadi aliyemwandikisha. Jina litafutwa na hakuna atakayeshtakiwa. Mwisho ni Ijumaa ya wiki inayofuata.

"Na kama ni mtego?" Rispa aliuliza.

"Kama ni mtego, watawashika wote wawili," mama yake alisema. "Wewe na Ayen. Ndiyo maana sikukuambia mapema. Mimi pia naogopa."

Kumsikia Nakuleu akisema anaogopa kulimtisha Rispa kuliko karani, kuliko mashine, kuliko tarehe moja. Mama yake hakuwa mtu wa neno hilo.

Siku nne zilipita akiitafuta barua ya chifu. Jumanne asubuhi Wafula alimpa nafasi kwenye pikapu iliyobeba rafu za chuma za tawi jipya. "Ukirudi na ID ni sawa," alisema. "Ukikosa ID, hata barua yenye muhuri ya kwamba mambo yako yanashughulikiwa, nitapigana nayo. Nipigie simu." Alikuwa mtu mwema, Wafula. Lakini wema wa meneja hauvuki tarehe aliyopangiwa.

Njiani, kwenye kizuizi, polisi waliisimamisha pikapu. Rispa alikuwa amekaa mbele, barua ya chifu ndani ya sidiria, vidole vilivyochubuka vimefichwa chini ya mapaja. Alijua sheria. Mkimbizi akikutwa nje ya kambi bila kibali hukamatwa, na vidole vyake vilikuwa vya mkimbizi. Mkenya akikutwa na jina la mkimbizi ni mdanganyifu, na jina lile pia lilikuwa lake. Alikuwa na hatia kwa pande zote mbili na hakujua ipi itasomwa kwanza. Polisi alichungulia dirishani. Akaiona sare ya kijani.

"Aa, Shibe! Mnafungua lini Kakuma?" aliuliza. "Mlete na maziwa baridi, siyo mambo ya kutuwekea moto."

"Mwezi ujao, afande," dereva alijibu, wakapungiwa mkono wapite. Rispa alivitoa vidole chini ya mapaja kilomita nyingi baadaye.

Jengo la Shibe lilikuwa kando ya barabara kuu, rangi bado mbichi. Wenye maduka ya kambini walikuwa wamekuja kulitazama, wakisimama mbali kidogo, mikono nyuma. Mmoja wao, Didace, Mkongomani aliyekuwa akiuza mchele na mafuta tangu Rispa akiwa mtoto, aliiona pikapu ikishusha rafu, akamsogelea bila kumkumbuka.

"Ma sœur, hii duka ikifunguka, siye tutauzisha nani?" alimwuliza, akimwita dada kwa Kifaransa. "Mutatumaliza, ba mama."

Rispa alisema hajui. Na alikuwa hajui. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba kuna mtu anayemwogopa yeye, na kwa dakika moja jambo hilo likamtia haya. Kisha akavuka kuingia kambini, akazifuata njia ambazo miguu ilizikumbuka yenyewe.

Ayen alikuwa ameketi mlangoni akichambua mtama. Miaka sita tangu waachane haikumwacha salama. Urefu ulibaki, nyama ilikuwa imekwenda. Alipomwona alisimama, mtama ukamwagika kwenye vumbi.

"Achai!" aliita, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Achai amerudi!"

Rispa alitaka kumziba mdomo. Badala yake akakumbatiwa, na harufu ya moshi na mafuta ya nywele ikamrudisha utotoni kwa nguvu hata akasahau alichokuja kusema. Ayen alimwekea kiti, akachemsha chai, akaleta kadi ya mgao ikiwa ndani ya nailoni. Wavulana walikuwa wamekwishaondoka, mmoja Juba, mwingine hajulikani. Kwenye kadi yalibaki majina mawili.

"Ona," Ayen alisema, akiweka kidole juu ya karatasi. "Ayen na Achai. Mimi iko na wewe tu. Wakiuliza, mimi nasema Achai iko shule Lodwar. Kila mwaka nasema iko shule."

Hapo ilimbidi Rispa aseme. Alisema vibaya, kwa kurukaruka, akianzia kwenye mashine ya duka, akarudi kwa karani, akafika kwenye wiki ya kusahihisha, na wakati wote akiyatazama mapaja yake. Alisema wanaweza kukamatwa. Alisema ikiwa Ayen hataki, ataelewa. Hilo lilikuwa uongo, asingeelewa, angekufa pale pale kwenye kiti, lakini lilimtoka.

Kuku wa jirani walikuja wakaanza kuudonoa mtama, na Ayen hakuwafukuza.

"Hiyo duka," alisema mwishowe, "inataka jina yako ya mama yako?"

"Ndiyo, mama."

"Na jina ya Achai, nani anataka?"

Ayen akainuka, akaingia ndani. Alikaa huko muda mrefu, na Rispa nje alikuwa akisikia kila mlango wa mtaa ukifunguliwa, akidhani ni watu wanaokuja kumshika. Ayen alipotoka alikuwa amevaa gauni la kanisani, jeupe, na kadi mkononi.

"Twende sasa," alisema. "Kesho mimi nitaogopa."

Ofisi ilikuwa na benchi ndefu barazani, na getini polisi mwenye bunduki. Walipompita, Ayen alimshika Rispa mkono na hakuuachia. Walikaa baina ya wanawake wengine waliokuja na shida zao, Wasudani na Warundi na wenyeji wenye barua za chifu kama yake. Kila aliyeitwa aliingia ndani, na wote walioachwa nje walisikiliza kama atatoka.

Afisa alikuwa msichana wa rika la Rispa, mwenye miwani na mafua. Aliisoma barua ya chifu, akamwita Rispa aweke vidole. Kioo kikakataa mara mbili kwa ajili ya yale machubuko. Mara ya tatu kikakubali, na upande wa pili wa meza, kwenye skrini, ikatokea picha ya mtoto wa miaka kumi na minne aliyenyolewa, macho makubwa, amekaza midomo.

"Huyu ni wewe?" afisa aliuliza.

"Ni mimi."

Afisa akamgeukia Ayen. "Mama, huyu ni mtoto wako Achai?"

Neno moja la ndiyo, rahisi, lililokwisha kusemwa kwenye meza hizi miaka na miaka, na ingekuwa basi. Shibe basi, dawa ya magoti basi, Rispa basi. Ayen aliitazama picha, akamtazama yeye, akaitazama tena picha.

"Hapana," alisema. "Hii mtoto ya Nakuleu, mama ya kuni. Mimi nilisema uongo."

Hakuna aliyeingia na pingu. Afisa alipenga kamasi, akaandika. Alieleza taratibu kwamba vidole atavitenga kwanza, virudi kwa mwenyewe, na hilo likawa limefanyika kwa kubofya mara tatu. Mambo yaliyomnyima Rispa usingizi miaka sita yaliondolewa kabla chozi halijamfika shavuni. Mashine nyingine ikatema karatasi, afisa akaigonga muhuri, akampa. Rispa Aregae, Mkenya, hayumo tena katika daftari la wakimbizi.

"Sasa limebaki jina," afisa alisema. "Faili la Achai siwezi kulifunga bila sababu. Kompyuta inanipa tatu: amehama, amerudi kwao, amekufa." Aliinua macho kwa Ayen, akalegeza sauti. Alikuwa mwerevu, na hakuwa na roho mbaya. "Mama, niandike tu amerudi kwao Sudan? Ni rahisi. Hakuna maswali."

"Hapana," Ayen alisema. "Andika amekufa."

"Mama, ukisema amekufa ..."

"Nasema. Achai amekufa. Mimi nilizika yeye na mkono yangu. Andika."

Afisa akaandika. Akauliza tarehe. Ayen hakuijua; alijua ulikuwa mwaka ule wa ukame, baada ya wiki tatu kambini, asubuhi. Afisa alikadiria, akaingiza, na skrini ikang'aa nyekundu. Akajaribu mwaka uliofuata. Nyekundu. Akasoma maandishi madogo yaliyotokea, akavua miwani.

"Inakataa," alisema. "Inasema Achai alitoa vidole mwaka wa elfu mbili kumi na sita, na baada ya hapo amekula mgao mpaka mwezi huu. Mtu hawezi kufa kabla. Inakubali tarehe ya leo peke yake."

Ayen hakuelewa. Rispa alielewa, na akatamani kulikimbia lile jengo kama alivyolikimbia dirisha la karani. Yeye ndiye aliyevitoa vile vidole. Yeye ndiye aliyemweka Achai hai.

"Mama," alisema taratibu, "wanataka kuandika amekufa leo."

"Leo?"

"Leo Jumanne."

Ayen alitikisa kichwa kukubali. Afisa akabofya. Skrini ikawa kijani. Karatasi ya pili ikatoka, cheti kidogo chenye jina na tarehe ya siku ile, na Ayen akakipokea kwa mikono miwili. Akasimama, akatoka hadi barazani, akafika katikati ya benchi na ukuta, na hapo akaketi sakafuni na gauni lake jeupe. Kisha akalia. Hakulia kama mtu anayekumbuka jambo la zamani. Alipaza sauti kama mama aliyeletewa habari sasa hivi, na ikasikika mpaka kwa polisi wa getini, naye akavua kofia.

Simu ya Rispa ikaanza kuita. Ilikuwa Wafula. Akaitazama ikiita na karatasi ya muhuri mkononi, akaiacha. Woga aliokuja nao ulikuwa umemtoka wote, na pale ulipokuwa akahisi uchungu asioujua, wa kufiwa na mtu ambaye kwa miaka yote alikuwa yeye mwenyewe.

Wanawake waliinuka kwenye benchi. Mmoja alimshika Ayen mabega, mwingine akamfunika kwa kanga yake. Mrundi mmoja, mama mtu mzima aitwaye Immaculée, alikichukua kile cheti, akakisoma, akapiga ishara ya msalaba.

"Mungu wangu, ni leo," aliwaambia wenzake. "Mtoto wake amekufa leo." Kisha akamgeukia Rispa aliyesimama peke yake na sare ya duka. "Pole, binti. Na wewe ni nani wake?"

Rispa akaikunja karatasi ya muhuri, akaitia mfukoni.

"Ni dada yake Achai," alisema, na Immaculée akampisha akae chini karibu na mama.